Mita Mia Mbili

Kibao pale njia panda kinasema:
Ufunguo wa abasia, kwa Bi McGoldrick,
mlango wa kijani, mita mia mbili.
Mlango niliupaka nyeupe mwaka aliokufa Malachy.
Kibao hakikuambiwa.
Basi wageni hupita, hurudi, hupita tena,
magari yakikwaruzwa na ua wa miiba,
hadi mbwa awaonee huruma, abweke.

Ufunguo wenyewe uko msumarini, kando ya jiko,
mrefu kutoka kiganja cha mtoto hadi kiwiko,
na una joto daima, kama mkate.
Sukuma kwanza kwa bega, nawaambia,
kisha zungusha kushoto. Lango lile halipendi haraka.
Na mkitoka mfunge:
kondoo wa Gilhooly wanapenda mno madhabahu.

Nimewaona wa kila namna.
Mjerumani aliyepima madirisha kwa kamba.
Kijana aliyesahau, akaenda na ufunguo hadi Dublin,
akaurudisha kwa posta ndani ya soksi.
Mabibi wawili wa Boston, wakimtafuta babu yao
kwenye mawe ambayo mvua imeyalamba majina;
walimlilia mtu wa ukoo mwingine kabisa.
Sikuwasahihisha.
Hata yeye hakuwa na wa kumlilia.

Jumanne Baraza la Kaunti lilimtuma Fintan,
yule wa Concepta wa posta,
na kishikwambi, na viatu visivyolijua tope.
Anakusanya orodha ya vivutio, alisema.
Nikammiminia chai, nikamhesabia:
abasia, na mtawa wa jiwe asiye na pua;
ngome, yaani nusu ya ngome,
kwa kuwa nusu ya pili ni zizi la Gilhooly;
kisima cha mtakatifu, dawa ya jino na ya wivu;
stesheni iliyong'olewa reli,
saa yake imegoma saa nne na dakika saba;
nyumba ya maskini, ambako viazi vilipooza
watu waliingia kwa mlango wa mbele kwa miguu
na kutoka kwa mlango wa nyuma kwa mkokoteni.
Akaandika.
Akauliza kama pana maegesho.
Kisha, kikombe kikiwa mdomoni:
"Hakuna kingine?"

Mvua ilikuwa imekatika. Nikavaa buti za Malachy.
Ufunguo tuliuacha msumarini.

Nyuma ya zizi, ua wa Gilhooly unapogusana na wetu,
pana kipande ambacho jembe halijawahi kukigusa.
Mti mmoja wa miiba.
Mawe meupe, madogo,
kila moja lingeenea mfukoni. Hayana herufi.

Watoto, nikamwambia.
Waliokufa kabla maji ya padri hayajawafikia.
Makaburi ya kanisa yaliwakataa,
baba zao wakawaleta hapa usiku
ndani ya sanduku la chai, sanduku la viatu,
wakachimba bila taa,
wakarudi kukamua ng'ombe.
Mama zao hawakuonyeshwa jiwe.

Mama yangu alilijua: la tatu kutoka mtini.
Hakusema alilijuaje.
Kila alipopita kutafuta mayai ya bata
aliinama akaligeuza kidogo,
kama mtu anavyomgeuza mtoto usingizini.
Sasa huwa napita mimi, na hata bata sina.

Kidole cha Fintan kilisimama juu ya kioo.
"Niandike?"

Nikawaza kibao, mshale, mita mia tatu,
magari yakigeuzia hapa, na mtu akiuliza choo.
Nikawaza pia siku nitakapolazwa kule abasia,
ndani ya ukuta, kwa haki zote, ubavuni mwa Malachy,
jina langu limechongwa kwa fedha taslimu,
na huku jiwe la tatu limelala upande mmoja
kiangazi na kipupwe.

Sikumjibu.
Alikitia kishikwambi ndani ya koti.
Akachuchumaa, viatu vikazama,
akauliza taratibu, kama aliye karibu na kitanda:

"Huwa unaligeuzia upande gani?"