Mwiko

Lifti yetu hapa Gldani hula sarafu.
Tetri kumi kupanda, kushuka bure,
kana kwamba aliyeiunda alijua
kuwa kuanguka hakuna nauli.

Kisanduku chake kimetundikwa juu,
usawa wa macho ya mtu aliyesimama.
Macho yangu mimi yako usawa wa vitasa,
wa mikia ya mbwa, wa mifuko ya makoti.
Naijua mifuko ya watu:
nani ana karanga, nani anaficha barua,
nani hukunja ngumi humo akinisalimu.

Mwanzoni nilingoja.
Nilikaa pale chini na mkate wa moto mapajani,
mkate ukapoa,
baridi ya Januari ikapanda kwa magurudumu
hadi viganjani.
Akaja Tsiuri wa ghorofa ya tano,
akatia sarafu, akasema, "Maskini Lamara."
Aliuambia mlango, hakuniambia mimi.
Akaniombea Mungu hadi ghorofa ya tano,
akashuka,
nikabaki na dua yake na harufu ya kitunguu.

Mwiko ulikuwa wa mama.
Mrefu, wa mbao ya mlozi, umeungua ncha,
ulikoroga maharage miaka ile ya giza
umeme ulipokuwa hadithi ya watoto.
Nikabandika chingamu, nikagandisha sarafu,
nikauinua kama anayelisha mtoto mkaidi.
Ya kwanza ilianguka.
Ya pili ikabiringika chini ya masanduku ya barua,
kule nisikofika; kule bado nina akiba.
Ya tatu, lifti ikameza.
Nilicheka peke yangu hadi ghorofa ya nane,
nilicheka kama mwizi.

Kuna kazi niliyoipata kwa simu.
Sauti yangu waliipenda, wakasema njoo Jumatatu.
Jumatatu waliona magurudumu kabla ya cheti
na nafasi ikajaa palepale, mbele yangu,
kiti kitupu kikionekana dirishani.
Nikawaambia: kiti ninacho, nimekuja nacho.
Hakuna aliyecheka.
Mpaka leo naona ulikuwa utani mzuri.

Halafu kikao cha jengo.
Waliketi uani, dhumna zikasukumwa kando,
wapige kura juu ya njia ya mteremko mlangoni.
Otari mwenyekiti akasema saruji imepanda.
Mwingine akasema itaharibu sura ya jengo,
jengo hili, linalodondosha plasta kama mba!
Kisha Zhuzhuna, kwa sauti ya chini:
"Binti yangu ana mimba,
na kila asubuhi anapita mbele ya..."
Hakumalizia. Yaliyobaki ni mwiko.

Kumi na tisa walikataa, wanne walikubali,
mmoja aliendelea kuhesabu dhumna zake.

Nami nilikuwa pale, mwiko mapajani.
Nikasema: kumbe ndilo jina langu.
Basi na tukorogane.
Nikapeleka barua manispaa, ya kwanza, ya nne, ya kumi na moja,
kila moja na picha ya ngazi zile tano
na mimi chini yake.
Ya kumi na mbili ninaiandika. Wino upo.

Februari, barafu ilimwangusha Tsiuri sokoni.
Nilimkuta mbele ya lifti, mkono wa kulia ndani ya plasta,
wa kushoto umebeba mfuko usiotaka kuachwa,
anakitazama kisanduku
kama ninavyokitazama mimi.
Neno lilinijia. Maskini.
Lilikaa ulimini, tamu, nikalizungusha.
Nikalimeza.
Nikainua mwiko, nikalipa.

Tulipanda kimya.
Ghorofa ya tano akageuka, akanitazama mimi,
si mlango,
akasema, "Chingamu hiyo, ya aina gani?"
Ya mnanaa, nikamwambia.
Ya matunda haishiki.