Hana Makuu

Mwenyekiti ameniagiza cheti.
"Andika maneno mawili matatu mazuri,
Ijumaa tunamuaga Liuma."
Misimu thelathini na mmoja
ya kushona midomo ya magunia
katika ghala letu la Mnyambe,
na mimi, katibu, nimekabidhiwa kalamu
ya wino wa dhahabu, imenunuliwa Masasi.

Nimeanza na *mnyenyekevu*.
Neno refu, limevaa kanzu na kilemba,
linapenda kusimama mlangoni
na kusema: tafadhali, piteni kwanza.
Liuma hasemi piteni.
Akifika mlangoni
hutazama kama bawaba imelegea.

*Mpole* nimelifuta.
Mpole ni mbuzi, siku ya kuuzwa.

*Duni*, hapana. Nyumba yake ina bati nane
na nyasi upande wa jikoni;
ukiiandika duni
umeandika jicho lako.

*Hohehahe*: lisome kwa sauti.
Neno lenyewe linacheka.

*Mkimya*. Ghala nalo ni kimya, mwezi wa Aprili,
likibaki na panya na stakabadhi.

*Mnyonge* nilikaribia kuliandika,
wino ulishagusa karatasi,
ndipo nikakumbuka msimu ule wa mizani
iliyokuwa inakula kilo tatu kwa kila gunia.
Lilifika gunia la Bi Somoe Nangomwa.
Liuma alilisogeza kwa goti,
akachoma shazia mara moja, akaliacha limesimama pale,
nusu ndani, nusu nje.
"Hili halijapimwa."
"Limepimwa," akasema karani.
"Halijapimwa."
Sauti ileile, kama ya mtu anayekuonyesha
kifungo chako kimefunguka.
Magunia yakajipanga tangu asubuhi.
Lori la Mtwara likapiga honi, dereva akatukana,
upepo wa uwanda wa juu ukatujaza vumbi la maganda.
Nami nilimwambia. Ndiyo, mimi:
"Mzee, shona tu, tuondoke."
Akatoa uzi mfukoni, akaulamba ncha,
akakaa juu ya turubai, akangoja.
Adhuhuri mizani ikafunguliwa.
Kipande cha chuma, kama kidole gumba cha mtoto.
Hakuna aliyesema samahani.
Alishona kuanzia hapo mpaka nyota,
na hata leo ukimuuliza habari za siku ile
atakwambia: uzi ulikaribia kwisha.

Kwa hiyo nikaenda kwa Bi Somoe mwenyewe.
Alikuwa anachambua korosho kwenye ungo.
"Liuma? Aa, yule hana makuu.
Hana maringo. Hana neno."
Hakusimamisha mkono:
mbovu huku, yenye mdudu huku,
na hatukusema chochote
kuhusu zile zilizobaki kwenye ungo.

Hana neno.
Na mimi siku tatu natafuta nini?

Nimeandika: *Alishona magunia.*
Mwenyekiti ameshika cheti, amekigeuza nyuma.
"Hivyo tu?"
Akaichukua kalamu, akaongeza kwa mkono wake:
*kwa unyenyekevu mkubwa.*

Ijumaa Liuma alikuja na shati la siku zote,
limepigwa pasi upande wa mbele.
Alisoma polepole, kidole chini ya mstari.
Kwenye *mkubwa* kidole kilisimama kidogo,
kama kinavyosimama uzi ukiwa na fundo,
kisha kikapita.
"Ahsanteni," akasema. "Na hiki ni cha chama."
Akaniwekea mezani lile shazia,
ncha yake ameichomeka kwenye gunzi la mahindi
ili lisimchome
atakayelishika baada yake.