Mgongo wa Jiwe

Jumamosi nimerudi na vipande vinne kwenye buti ya gari,
nikavipanga uani, hapa kwetu Mtoni Kijichi,
bei juu ya kila kimoja, kwa chaki ya fundi.
Ua wote ni mita ishirini na nne za mraba
pamoja na ile pembe ya mlimao.
Na mimi, mhasibu,
niliyefunga hesabu za watu miaka kumi na tisa,
nimeshindwa kujumlisha mawe.

Marumaru ya Morogoro: nyeupe, ina mshipa wa kijivu
kama maziwa yanayotaka kukatika.
Kaka yangu Shomari kapiga simu kutoka Mbweni:
"Weka marumaru, wageni wajue wamefika wapi."
Nikalimwagia kikombe cha maji, nikakanyaga.
Ndara ikaenda zake,
mimi nikabaki nimening'inia kwenye kamba ya kuanikia.
Masika, Shomari, hayapigi hodi.

Graniti nyeusi ya Dodoma.
"Hii haina kifo," akasema Fundi Kibwana.
Saa saba mchana nikaiwekea kiganja
nikajua chapati inavyojisikia.

La Tanga limechanika matabaka, rangi ya tangawizi,
hakuna pande linalofanana na jirani yake.
Nililipenda. Bei yake pia
ilikuwa haifanani na jirani yake.

Na la nne, tumbawe la Kunduchi,
matundu matupu, ndani yake kombe mdogo
aliyelala tangu mji huu haujapewa jina.
Kibwana alilibeba kwa kununa.
"La kujengea choo hili, dada. Linanywa maji. Litaota ukoga."

Ndipo Mama akatoka.
Macho yake siku hizi yanaona mwanga, hayaoni bei.
Akavua ndara, akanishika bega,
akapita juu ya mawe kama mtu anayeonja mchuzi.
Kwenye marumaru alikunja vidole.
Kwenye graniti alisema, "Astaghafiru," akashuka.
La Tanga alilisimamia kidogo. "Lina ncha."
Juu ya tumbawe akatulia.
Akaomba maji, akayamwaga mwenyewe,
tukayasikiliza yakizama.

"Ukoga, mama," fundi akakumbusha.
"Ukoga unasuguliwa. Mimi nimesugua nini maisha yangu yote?"

Sote tukageuka kulitazama lile bapa karibu na bomba,
jiwe la kufulia, limelika katikati kama tandiko.
Ovaroli za makuli wa bandarini,
mafuta, kutu, jasho la meli za watu,
ada yangu ya shule, muhula kwa muhula.
Nilishalipangia mahali, sikuwa nimemwambia mtu:
katikati ya ua, na chungu cha maua juu yake,
liwe kumbukumbu.

Nikamwambia.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Uso wake naujua kuliko wa marehemu baba yako.
Lipindueni. Mgongo wake sijawahi kuuona."

Kibwana akaleta mtaimbo.
Chini palikuwa na majongoo, udongo mweusi,
na kifungo kimoja cha shaba.
Mgongo ulikuwa mkavu, mweupe kidogo, una makwaruzo,
haujaguswa na sabuni.
Mama akaukanyaga, mguu mmoja, halafu wa pili.
Hakusema kitu.

Nikaokota chaki.
Tumbawe, mita ishirini na nne.
Nikakata. Nikaandika ishirini na tatu na nusu.