Valvu ya Hita

Yuma, Arizona, saa nane mchana.
Lami imelegea kama halua ya jana,
na Mercedes hii ya dizeli, iliyonizidi umri kwa miaka miwili,
inanipulizia usoni pumzi ya mgonjwa.

"Ongeza gesi," walisema. Nikaongeza.
"Badili kompresa." Nikauza baiskeli, nikabadili.
Kipimajoto nilichochomeka kwenye tundu la dashibodi
kikasoma themanini, kikanitazama.

Leo nimefungua boneti mwenyewe.
Kati ya kondensa na rejeta:
mbawa za nondo, pamba ya mashambani, vumbi la kaunti tatu.
Nimeosha polepole, kama mtu anayeosha kichwa cha mtoto.
Kisha nikagusa bomba la hita.
Lachoma!

Valvu imekwama wazi tangu Januari,
tangu usiku ule Tunu akitetemeka, tukikimbilia hospitali,
nikafungulia joto lote.
Asubuhi nilizima swichi.
Valvu haikusahau.

Nimelibana bomba kwa jiliwa dogo. Nangoja.
Sitini na tano.
Hamsini na saba.
Arobaini na nane.

Kiti cha nyuma, Tunu anavuta khanga ya mama yake mabegani.
"Baba, baridi."

Rudia, mwanangu. Sijasikia vizuri.