Nipe Mji

Jumanne, saa nne kasoro, Keko.
Viti vya plastiki kumi na kimoja, kimoja kimevunjika mkono.
Nje mafundi wanapiga randa, vumbi la mbao
linaingia dirishani bila hodi,
na Mzee Kibwana, aliyechonga vitanda vya nusu ya Temeke,
ananusa, anasonya: "Hiyo si mninga. Msonobari.
Wanamwibia mteja."
Leo asubuhi hakulijua jina la mwanawe.
Mbao anazijua.

Dada Tumsifu anaandika siku ubaoni kwa herufi kubwa,
nasi tunaisoma kwa pamoja, JU-MA-NNE,
nami nasoma, japo nimekuja tu kumleta mama.

Kwanza vichupa, vifuniko vimetobolewa kwa msumari:
iliki, mafuta ya taa, mchaichai, sabuni ya mche.
Bi Tausi akanusa sabuni, akaanza kufikicha magotini,
akasuuza, akakamua, akakung'uta kitu tusichokiona,
akatugeukia: "Nani ana vibanio?"
Tukacheka. Akacheka naye. Kisha akaanika.

Halafu, "Kitendawili!"
"Tega!"
Hapo hachelewi mtu. Hata aliyesinzia anaitika.
"Nyumba yangu haina mlango."
"Yai!"
"Huku ng'o na huko ng'o."
Kimya. Nje randa nayo ikanyamaza.
"Mmeshindwa? Nipeni mji."

Mama yangu, Bi Sikudhani, miaka ishirini na sita
alikaa mbele ya swichibodi ya Posta, visikilizio masikioni,
akiiunganisha Lindi na Bukoba, Mtwara na Tabora,
habari za matanga, za bei ya korosho,
za wapenzi waliohesabu sarafu kabla ya kusema.
Mama hutoa miji kama chenji.
"Chukua Tabora."
"Nilikwenda Tabora," anasema Dada Tumsifu, "nikala asali nikashiba.
Jibu ni giza."

Wiki iliyopita mama alitoa Lindi.
Juzi nikamtajia Lindi, alikozaliwa, alikozikwa bibi,
akaniuliza, "Ni mbali?"
Tangu hapo nauogopa mchezo huu.
Ujinga, najua. Daktari kasema ni ubongo, ni umri.
Lakini kila mji unaotoka nauandika nyuma ya kadi ya kliniki,
Lindi, Tabora,
kama mtu anayetunza risiti za vitu alivyoweka rehani.

Ndipo Mzee Ngonyani, ambaye hategi kamwe, akainua kidole.
"Kitendawili."
"Tega!"
"Kila asubuhi kuna mwanamke ananiletea uji.
Ndimu anaijua kipimo changu. Ananiita Baba Kandida.
Ni nani?"

Mlangoni mkewe alikuwa anamenya chungwa,
ganda moja refu, halijakatika. Akaendelea kumenya.
Dada Tumsifu akafungua mdomo, akaufunga.
Daftari lake la mazoezi halina ukurasa wa hilo.
"Mmeshindwa," akasema mzee. "Nipeni mji."
Kisha, chini chini:
"Maana hata mimi jibu sina."

Mama akasimama. Akavaa visikilizio visivyokuwepo,
akachomeka waya hewani, upande wa kushoto, juu,
mahali hasa, bila kupapasa.
"Songea," akasema. "Nakuunganisha na Songea. Usikate.
Kuna kelele kwenye mstari, lakini mtu yupo."

Mzee akaweka kiganja sikioni.
"Halo?"

Ganda likakatika.
"Halo," mkewe akaitika toka mlangoni.
"Nakusikia, Baba Kandida."
"Huko mvua imenyesha?"
"Imenyesha. Mahindi yamefika magotini."

"Dakika tatu tu," mama akawaonya, macho saa ya ukutani,
saa iliyosimama tangu mwaka jana.
Zikapita tatu. Zikapita na zingine.
Hakukata.

Nje randa ikaanza tena.
Bi Tausi bado anauliza vibanio.
Kadi ninayo mkononi, kalamu ninayo.
Songea sikuiandika.