Dakika Ishirini

Nilitangulia mimi, Łucja,
alfajiri ya Februari, theluji imeziba dirisha la wodi.
Hieronim akanifuata baada ya dakika ishirini,
mkunga akimvuta kwa mguu na kumkaripia:
"Toka, bwana mdogo, dada yako keshaanza kunyonya."
Kulwa na Doto. Surua moja, uji mmoja,
koti moja la Jumapili tukipokezana.

Tuliingia kiwandani na miaka kumi na tisa,
mimi kwenye meza ya ukaguzi,
yeye kwenye tanuri, mdomo kwenye bomba refu,
akipuliza ndani ya moto
mpaka moto uwe bilauri.
Miaka arobaini na mmoja
nimeishika mikononi pumzi ya ndugu yangu,
nikiigeuza kwenye taa, nikiitafuta kasoro,
nikiipanga kwenye maboksi ya majani makavu
iende kunywewa na watu wasiotujua.

Siku tuliyotimiza sitini
tulisimama pamoja kwenye dirisha la pensheni, mjini Krosno.
Karani akazipiga muhuri karatasi zangu.
Za Hieronim akazirudisha kwa ncha ya kalamu.
"Wewe bado. Njoo ukifika sitini na mitano."
"Tumetoka tumbo moja," nikasema, "usiku mmoja."
"Naona, mama. Lakini yeye ni mwanamume."
Hakusema kwa ubaya.
Alisema kama anayesoma kipimajoto.

Hivyo ndivyo dakika ishirini zilivyozaa miaka mitano.

Nimeuliza sababu, nikaambiwa:
mwanamke ana zamu mbili, ya mshahara na ya jikoni,
ndipo sheria ikamwonea huruma.
Kweli. Nimefanya kazi na wanawake hao,
nimeona migongo yao ikipinda kama ndoano.
Lakini mimi sikuolewa.
Jioni zangu zilikuwa paka, redio na fumbo la maneno.
Hieronim ndiye aliyeachiwa mabinti wawili
mama yao alipokwenda zake Hamburg;
ndiye aliyejifunza kusuka nywele
kwa kamba za viatu alizozifunga kwenye kitasa cha mlango;
ndiye aliyemgeuza mama yetu kitandani, miaka minne,
akamkausha, akampaka mafuta,
akaondoka gizani kuwahi tanuri.
Fomu haina mstari wa hayo.
Ina kisanduku cha jinsia,
na kisanduku kinatosha herufi moja.

Wenzake humwambia: jikaze, dume.
Naye anajikaza.
Alifundishwa kujikaza kabla ya kufundishwa kusoma.
Daktari kamwambia kifua kina vumbi la mchanga.
"Basi ndio mchanga ulionilisha," akajibu,
akavaa shati lake.

Novemba, tukienda kuwawashia marehemu mishumaa,
napita katikati ya makaburi ya watu wa tanuri.
Kushoto jina la mume, miaka yake imefungwa.
Kulia jina la mke, mwaka wa kuzaliwa, kistari,
kisha jiwe tupu, linasubiri.
Nilianza kuyahesabu mawe ya namna hiyo.
Nikaacha safu ya tatu.

Pensheni yangu siirudishi, nisijifanye mtakatifu.
Nainunulia makaa, na samaki wa Ijumaa.
Ila saa nane mchana nipo langoni
na supu ya kabichi ndani ya themosi.
Anainywa kwa kusimama, haraka, kama mtoro.
"Bado miwili," ananionyesha vidole,
kimoja kifupi, kioo kilikila zamani.

Nyumbani nina bilauri niliyoiiba mwaka wetu wa kwanza.
Karibu na kitako ina kipovu cha hewa.
Ni kasoro; kazi yangu ilikuwa kuivunja.
Siku akikohoa sana
naiinua dirishani na kukitazama:
pumzi ya kijana wa miaka kumi na tisa,
nzima,
haijadaiwa na mtu.