Majina Yaliyoteleza

Kibanda changu kiko Makoroboi,
nyuma ya wagonga bati, hatua nane kutoka kwa muuza betri za saa.
Wanasema mtaa ulipata jina kwa taa ndogo za mafuta
walizofua mafundi wa zamani kwa makopo ya maziwa.
Mimi nami ninayo taa yangu:
haina utambi, mwanga wake hauonekani,
lakini inaandika.

Bilauri si karatasi.
Mdomo mpana, kitako chembamba;
ilaze juu ya magurudumu, nayo inaviringika mshazari
kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake.
Jina linaanza mlimani, linaishia bondeni.
Siku za mwanzo nilipeleka harusini Igoma
bilauri arobaini za SHIGELA NA NKWIMBA,
bwana harusi yuko karibu na mdomo,
bibi harusi anazama.
Mama yake aliishika moja, akainamisha shingo:
"Fundi, mbona mwanangu anateremka?"

Sikulipwa.

Tangu hapo nimejifunza kwa vidole.
Nazungusha ukanda wa karatasi tumboni mwa bilauri,
naukunja mara mbili, napata kati.
Natafuta mshono wa kiwandani, ule uzi
ambao jicho halioni ila ukucha unaujua;
naugeuzia ukutani, hapo ndipo sifuri.
Nainua kitako kwa kisigino cha kandambili kuukuu,
naweka pimamaji juu ya ubavu wa kioo,
nangoja kiputo kitulie kati ya mistari miwili.
Napaka sabuni ya vyombo, nabandika karatasi laini iliyolowa.
Nukta nyekundu inatangulia bila kuunguza,
inazunguka mipaka ya jina
kama mjumbe anayemwonyesha mtu kiwanja.
Nashusha pumzi. Nabonyeza.

Na bado.
Umeme unakatika kwenye herufi ya tano.
Lori la mawe linapita, meza inatetemeka.
Jioni moja wadudu wa ziwani waliingia kama moshi,
mmoja akatua juu ya B ya BUGINGO,
akaungua palepale,
akaacha ndani ya herufi pengo lenye umbo la bawa.
Wateja hawanunui bawa.

Basi zilizokataliwa zinakuja nyumbani, Mabatini.
Tunakunywa maji kwa majina ya watu.
Uji wa asubuhi umo ndani ya HONGERA KWA KUSTAAF.
Mgeni akija tunampa Bugingo.
Ile ya Igoma, ukiijaza nusu,
Nkwimba yuko majini, Shigela yuko nchi kavu,
na kila anayekunywa
anamrudisha ufukweni funda kwa funda.

Wiki iliyopita mwalimu wa Limi, darasa la kwanza,
aliniita akafungua daftari.
Kila sentensi ya binti yangu inaanza juu, kushoto,
kisha inashuka taratibu
ikivuka mistari ya bluu bila kuuliza njia.
"Herufi zake nzuri," akasema, "na anasoma kuwapita wote.
Ila nani alimfundisha?"

Nilitazama dirishani.
Kutoka pale mlimani ziwa linaonekana lote,
limelala sawasawa, pimamaji ya Mungu,
na kandokando yake mawe makubwa juu ya mawe
yamekaa upande miaka na miaka,
hayajaanguka.

Jioni nikamkalisha Limi mbele ya mashine,
nikampa bilauri mpya, isiyo na mtu.
Nikamwonyesha mshono. Nikamwonyesha kiputo.
Akatazama kitambo kirefu, shingo ameilaza
upande uleule wa Nkwimba.

"Baba," akasema, "meza ndiyo imepinda."

Nikachukua pimamaji, nikailaza juu ya mbao tupu.

Kiputo kikaenda kushoto,
kikakaa huko.